Atoaye Kiungo, Je, Aweza Kumchagua Apokeaye?



Neno tunalotaka kulitafakari mwezi huu si la mbali tena. Zamani mtu ambaye figo zake zote mbili zimekufa hakuwa na la kungojea ila kaburi. Siku hizi iko mashine iwezayo kumsafishia damu mara mbili au tatu kila juma, tena iko njia iliyo bora kuliko mashine, yaani kupandikizwa figo ya mtu mwingine. Mwezi wa Novemba 2017 kazi hiyo ilifanyika kwa mara ya kwanza katika Tanzania, katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, na mwaka uliofuata ikafanyika Dodoma pia. Kabla ya hapo wagonjwa wetu walipelekwa Bara Hindi. Hapa kwetu figo hutolewa na ndugu aliye hai. Katika nchi nyingine, kama Uingereza na Marekani, viungo vilivyo vingi hutolewa katika miili ya watu waliokwisha kufa: figo, ini, moyo, mapafu, kongosho, na kwa kifo cha mtu mmoja waweza kupona watu hata wanane.

Lakini watoaji ni wachache, na wangojao ni wengi, na kila siku wako wafao wakingoja. Ndipo lazuka swali ambalo si la madaktari peke yao, bali la kila mwenye dhamiri: kiungo hiki apewe nani? Na ndani ya swali hilo limo jingine: yeye atoaye, au jamaa zake akiwa amekufa, je, wana haki ya kusema, Mpeni fulani, msimpe fulani? Watu wengi hujibu upesi: Mali ni yake, ampe amtakaye. Jibu hili laonekana kuwa jepesi, walakini kuna mambo mawili yaliyotokea Uingereza, la kwanza mwaka 1998 na la pili mwaka 2008, ambayo yametoa wepesi wake wote.

Kabla ya kuhukumu yatupasa kuijua kazi yenyewe. Figo ya kwanza iliyokaa salama ilipandikizwa mjini Boston, Marekani, tarehe 23 Desemba 1954. Walikuwako ndugu wawili pacha, mmoja mgonjwa wa figo, wa pili mzima. Daktari Joseph Murray na wenzake walifadhaika sana kabla ya kushika kisu, kwani tangu kale kazi ya daktari ni kutomdhuru mtu, na hapa wametakiwa kumpasua mtu asiye na ugonjwa wo wote, ambaye mwili wake hautapata faida hata kidogo. Wakatafuta shauri kwa madaktari wengine, kwa wanasheria, na kwa viongozi wa dini mbalimbali. Mwisho wakaona kwamba mtu aliyeelezwa hatari yote, naye akakubali kwa hiari yake, aweza kutoa. Yule mgonjwa akaishi miaka minane tena. Kwa kuwa pacha wale walikuwa wa namna moja kabisa, mwili wa mgonjwa haukuikataa figo ile. Kwa watu wengine mwili huitambua nyama ngeni na kuipiga vita mpaka iharibike. Ndiyo sababu mpokeaji sharti ameze dawa za kuutuliza mwili siku zote za maisha yake, na dawa zilizo nzuri zilipatikana tangu miaka ya 1980.

Kwa habari ya waliokufa, shida ni nyingine. Kiungo kikikaa bila damu huharibika upesi; kwa hiyo mtoaji afaaye zaidi ni mtu ambaye ubongo wake umekufa kabisa, huku moyo ukiendelea kupiga kwa kuwa mashine yamvutisha pumzi. Mwaka 1968 baraza la wataalamu wa chuo cha Harvard liliandika alama za kifo cha namna hii, na baadaye nchi nyingi zikaweka kanuni zao. Huko Uingereza madaktari wawili humpima mtu huyo, wala si mara moja tu, bali mara mbili. Je, mboni ya jicho hujikunja mbele ya taa? Je, akiumizwa, uso wake huonyesha dalili yo yote? Je, mashine ikiondolewa kitambo kidogo, avuta pumzi mwenyewe? Na wale wapimao hawaruhusiwi kuwa katika kundi la wale watakaopandikiza. Sharti hili ni la hekima, maana mrithi hafai kuwa ndiye atangazaye kifo.

Kiungo kikiisha kutolewa, mishipa yake huoshwa kwa maji ya dawa yaliyo baridi sana, kisha hutiwa katika mifuko safi na kuwekwa katika sanduku lenye barafu. Hakigandishwi, ila huwekwa katika baridi ya digrii 4 hivi, kwani baridi huipunguzia nyama haja yake ya hewa na chakula. Hivyo moyo waweza kungoja kama muda wa saa 4, ini kama saa 12, figo siku nzima na zaidi. Siku hizi ziko na mashine zinazokipitishia kiungo maji hayo, au hata damu, na muda huongezeka. Hata hivyo muda ni mfupi. Hapo msomaji aone jambo moja: usiku ule wa msiba hakuna nafasi ya kuketi barazani na kujadiliana ni nani apewe. Kanuni ya kugawa sharti iwe imekwisha kuwekwa mchana, na watu waliotulia, wasiomjua mtoaji wala mpokeaji kwa sura.

Sasa tulitazame jambo la kwanza. Mwezi wa Julai 1998, katika mji wa Sheffield, mtu mmoja alikufa, na jamaa zake wakakubali viungo vyake vitolewe kwa sharti moja: wapewe Wazungu tu. Wenye kazi wakalikubali sharti lile. Ini na figo zake mbili zikapandikizwa. Mwaka uliofuata habari ikatangazwa, watu wakakasirika, serikali ikaweka baraza la kuchunguza, nalo likatoa neno lake Februari 2000. Baraza likaona kwamba waliopewa walikuwa ndio ambao wangalipewa hata kama sharti lile lisingalikuwapo, kwa kuwa walikuwa wa mbele katika orodha. Basi hakuna aliyenyang'anywa. Hata hivyo baraza likasema ya kwamba sharti lile lilikuwa baya, na kulikubali kulikuwa kosa, na tangu sasa kiungo cho chote kisipokewe kikiwa na sharti lo lote.

Hapa mtu mwenye akili atauliza, na swali lake si la kipumbavu: Kama hakuna aliyedhurika, kosa ni nini? Tena kama sharti lingalikataliwa, na jamaa wakaondoka na maiti yao nzima, wale wagonjwa wangalikosa. Mgonjwa aliyebakiwa na siku chache hapokei moyo mbaya wa mtoaji, apokea ini. Mkate uliotolewa kwa kiburi hushibisha sawasawa na mkate uliotolewa kwa upendo.

Mimi naona jibu limo katika lile neno orodha. Wangojao wote wameandikwa katika kitabu kimoja kwa ahadi moja, kwamba watahesabiwa kwa haja yao. Mwenye kazi akilikubali sharti la rangi, hata mara moja, hata kama usiku ule halikumzuia mtu, yeye amekwisha kuwa tayari kumzuia. Kama wa kwanza katika orodha angalikuwa mtu mweusi, je, angaliitwa? Asingaliitwa. Basi ahadi ilivunjika saa ile sharti lilipokubaliwa, na kwamba hapana aliyeumia kulikuwa ni bahati, si haki. Tena mkate na ini havifanani. Mwenye mkate hugawa mwenyewe mlangoni pake, na akimfukuza mtu, aibu ni yake. Lakini hakuna jamaa awezaye kupandikiza ini. Ahitaji mikono ya madaktari na wauguzi, chumba cha hospitali, gari la kupeleka sanduku usiku, na fedha zilizotolewa na watu wote, wakiwamo wale wale aliowatenga. Hawezi kuitumia mikono ya wote ili awadharau baadhi yao. Naye daktari mweusi, ambaye yumkini yuko zamu usiku ule, aambiweje? Ashike kisu, ila nduguye asipokee?

Je, kwa kukataa, mtu angalikufa? Huenda angalikufa, wala haifai kulificha. Kanuni njema ina gharama yake, na yeye aitangazaye sharti awe tayari kumtazama usoni yule atakayeilipa.

Jambo la pili hunilemea zaidi. Mwaka 2008, katika mji wa Bradford, alikufa binti wa miaka 21. Jina lake lilikuwa limeandikwa miongoni mwa watu waliokubali kutoa viungo baada ya kufa. Mama yake mzazi alikuwa mgonjwa wa figo, naye binti alikuwa amekwisha kusema kwamba ataka kumpa figo yake moja angali hai. Ila kazi ya kupima na kuandika ilikuwa haijaanza. Alipokufa ghafula, jamaa wakaomba figo moja apewe mama. Wakajibiwa kwamba haiwezekani, kwa kuwa viungo vya aliyekufa hugawiwa kwa orodha. Figo zote mbili wakapewa watu wasiomjua binti wala mama. Hivyo kanuni iliyokazwa kwa sababu ya ubaya wa Sheffield ikamwangukia mama wa Bradford, ambaye hakuwa na ubaya wo wote.

Kama binti yule angalitoa figo mapema, akiwa hai, hakuna ambaye angalimzuia. Tena angalisifiwa na wote. Je, kifo humwondolea mtu haki ya kumpenda mama yake? Waliokataa hawakuwa watu wakatili. Walifikiri ya kwamba yule wa kwanza katika orodha naye ana mama, au ni mama, na kwamba wakifungua mlango huu kidogo, wa Sheffield watapita humo humo. Lakini naona waliyachanganya mambo mawili yasiyo ya namna moja. Binti alimtaja mtu mmoja aliye karibu naye, wala hakumtukana mwingine ye yote. Wale wa Sheffield hawakumtaja mtu hata mmoja wampendaye. Walitaja watu wasiowataka. Kumpa mama ni upendo usiofika mbali, nao upendo wetu sote hauanzi mbali. Kumkataza mweusi si upendo uliopungukiwa, ni chuki iliyovikwa nguo ya sadaka.

Mwaka 2010 Uingereza ikalegeza kanuni kwa hekima. Jamaa sharti watoe kwanza bila masharti. Kisha waweza kuomba, wala si kushurutisha, kwamba kiungo kimoja apewe ndugu wa karibu au rafiki wa siku nyingi aliye na haja. Na ombi hilo husikilizwa ikiwa hakuna mtu mahali pengine aliye katika hatari ya kufa upesi kwa kukosa kiungo kile. Nalipenda neno hili kuomba. Aombaye amekwisha kuufungua mkono wake. Ashurutishaye ameukunja bado.

Katika Afrika yenyewe kuna habari ya kale zaidi, ambayo wengi huijua nusu tu. Tarehe 2 Desemba 1967, mjini Cape Town, mama mmoja na binti yake, Denise Darvall, mwenye miaka 25, waligongwa na gari walipokuwa wakivuka barabara. Mama akafa pale pale, na ubongo wa binti ukaharibika pasipo tumaini. Katika hospitali ya Groote Schuur alikuwako Louis Washkansky, ambaye moyo wake ulikuwa umechoka kabisa, na Daktari Christiaan Barnard na wenzake walitaka kumpandikiza moyo wa mtu mwingine, jambo lisilopata kufanyika po pote. Wakamwendea baba, Edward Darvall, aliyepoteza mke na binti kwa siku moja. Akafikiri dakika chache, akakubali. Kesho yake, tarehe 3 Desemba, moyo wa Denise ukapiga katika kifua cha Washkansky, naye akaishi siku 18. Haya yalisomwa katika magazeti ya dunia nzima. Lakini figo moja ya Denise alipewa mtoto wa miaka 10, ambaye sheria ya nchi ile ilimwandika katika kabila la machotara. Zilikuwa siku za ubaguzi, na hata vyumba vya wagonjwa vilitengwa kwa rangi. Figo ya binti wa Kizungu ikavuka mpaka ule, wala hakuna sharti la baba lililoizuia.

Mwezi mmoja baadaye, tarehe 2 Januari 1968, Barnard akatoa moyo wa kijana chotara, Clive Haupt, akampandikiza Philip Blaiberg, Mzungu, mganga wa meno, ambaye aliishi zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Sheria iliyomkataza Haupt kukaa mtaa mmoja na Blaiberg haikuwa na neno la kusema juu ya moyo wake. Watu wengi wakaliona jambo hilo, wengine wakacheka kwa uchungu. Na hapo twapaswa kuuliza kama chotara na Mzungu walikuwa sawa katika kupewa kama walivyokuwa sawa katika kutoa. Maana nchi iwezayo kuupokea moyo wa mtu huku ikimkataa mwenye moyo haijajifunza neno kwa madaktari wake.

Asije mtu akasema: Basi, ikiwa mtoaji hachagui, mwili ni mali ya watu wote, na wauchukue. Hasha. Mwezi wa Mei mwaka ule ule wa 1968, katika mji wa Richmond, Virginia, Marekani, mfanya kazi mweusi, Bruce Tucker, alianguka akaumia kichwa, akapelekwa hospitali. Siku iliyofuata moyo wake ulitolewa, akapandikizwa mfanya biashara mmoja Mzungu. Jamaa zake hawakuulizwa; ilisemwa kwamba hawakuonekana. Lakini ndugu yake, William Tucker, alikuwa na duka la kutengeneza viatu mjini mumo humo. Naye hakupata habari kwa madaktari, bali kwa mtu wa mazishi, aliyemwambia ya kwamba katika maiti ya nduguye moyo haumo. Akawashitaki. Mwaka 1972 wazee wa mahakama wakawapa madaktari haki, na kesi ile yakumbukwa zaidi kwa habari ya kifo cha ubongo. Mimi naikumbuka kwa habari ya duka lile, lililokuwa karibu hivyo. Mtu asiye na haki ya kumchagua mpokeaji hajapotewa na haki ya kusema La, wala jamaa zake hawajapotewa na haki ya kuulizwa. Kinyang'anywacho si zawadi, hata kikimponya mtu.

Wako Wakristo wasemao La kwa sababu ya ufufuo, wakiogopa kuinuka wamepungukiwa. Hofu hii tusiidhihaki, kwani imetokana na heshima ya mwili. Walakini wako watakatifu walioliwa na simba, na mabaharia walioliwa na samaki, na watu waliochomwa moto mpaka yakabaki majivu, na hakuna mwalimu wa kanisa aliyefundisha kwamba Mungu atashindwa kuwapata. Mwaka 1990 makanisa ya Ujerumani, la Kiinjili na la Kikatoliki, yalitoa tamko la pamoja, yakasema ya kuwa kutoa viungo baada ya kifo chaweza kuwa tendo la kumpenda jirani. Yalisema chaweza, wala hayakumlazimisha mtu.

Lakini ikiwa mtoaji hachagui, ni nani achaguaye, na kwa kipimo gani? Mwaka 1962, mjini Seattle, Marekani, mashine za kusafisha damu zilikuwa chache sana. Likawekwa baraza la watu saba wasiojulikana majina, akiwamo mchungaji, mwanasheria, mama wa nyumbani, mtu wa benki, na kiongozi wa wafanya kazi, wachague kati ya wagonjwa ni nani aingie katika mashine na ni nani aachwe. Wakatazama kazi ya mtu, elimu yake, watoto wake, mali yake, hata kama yeye ni mtu wa kwenda kanisani. Katekista asomaye haya asifurahi upesi. Watu wale saba hawakuwa waovu, tena hawakulipwa. Ila walijaribu kupima thamani ya mtu, na mizani waliyokuwa nayo ni ile ya mtaa wao. Mwenye mke na nyumba na kiti kanisani alikuwa mzito. Mwenye upweke, aliyehamahama, aliyeshindwa na pombe, alikuwa mwepesi. Msamaria yule wa njiani hakumwuliza mtu aliyejeruhiwa kwamba alikuwa akienda Yeriko kufanya nini.

Kwa sababu hiyo siku hizi kanuni hujaribu kutazama mwili na muda, wala si sifa za mtu: aina ya damu, ukubwa wa kiungo, jinsi nyama zinavyopatana, miaka ya kungoja, umbali wa safari. Kwa ini, Marekani tangu mwaka 2002 huhesabu kwa namba jinsi kifo kilivyo karibu, na aliye karibu zaidi huitwa kwanza. Hata hapa pana ugumu usiokwisha. Aliye mgonjwa kuliko wote ana haja kuliko wote. Lakini yumkini amedhoofu hata kiungo hakitamfaa, ambapo mwingine, aliyekuwa na nguvu kidogo, angaliishi nacho miaka ishirini. Tumpe ahitajiye zaidi, au atakayefaidika zaidi? Kanuni za nchi huchanganya vyote viwili, kila moja kwa kadiri yake, nami nadhani ndivyo ilivyo haki, kwani atazamaye haja tu hupoteza zawadi, na atazamaye faida tu huwaacha walio dhaifu siku zote. Tena kanuni isiyotaja rangi yaweza kumwonea mtu kwa rangi bila kukusudia. Kupatana kwa nyama huonekana zaidi kati ya watu wa asili moja. Na huko Uingereza, ambako watoaji wengi ni Wazungu, weusi na Wahindi walingoja figo muda mrefu zaidi. Mwaka 2006 wakakipunguzia kipimo hicho uzito, ili waliongoja sana waitwe.

Kwa habari ya fedha sitasema mengi. Marekani ilikataza kuuza viungo kwa sheria ya mwaka 1984, na Tamko la Istanbul la mwaka 2008 lilikemea biashara hiyo kati ya mataifa. Kila mahali figo inapouzwa, maskini huuza na tajiri hununua, wala haijasikiwa kinyume.

Kwetu, ambako mtoaji ni ndugu aliye hai, swali lageuka. Hapa mtoaji amekwisha kumchagua mpokeaji. Au tuseme kweli, mara nyingine amechaguliwa yeye. Ukoo huketi. Husemwa kwamba fulani ana watoto wadogo, aachwe. Fulani ni kijana, ana nguvu. Na huyu mdogo wao, je, si mgonjwa ndiye aliyemlipia ada ya shule? Hakuna amshikaye mkono, wala hakuna amtishaye, lakini fadhila za miaka kumi zimewekwa mezani kama hati ya deni. Akikubali, je, ametoa, au amelipa? Pasipo shaka wako wengi wapendao kutoa, na furaha yao yaonekana. Yeye asiyependa hana mahali pa kusema.

Ndiyo maana utaratibu mwema wataka mtoaji aitwe faraghani, pasipo mgonjwa wala wazee, akaulizwe peke yake. Na katika hospitali nyingi za ulimwengu, akisema hapo kwamba hataki, madaktari huwaambia jamaa neno moja tu: Huyu hafai kutoa. Wengine huuliza kama daktari huyo amesema uongo. Naona hakusema uongo. Tangu Boston hiari ni sehemu ya kufaa, sawasawa na aina ya damu, na asiye nayo hafai kweli. Jamaa watadhani ni habari ya damu, na daktari hana deni la kuwafumbulia. Ndugu huyo hurudi nyumbani, huketi na wenzake kula, wala haulizwi neno.